Fundi Sikio na Kupe Weupe

Mimi ni mtunza stoo, na kazi hii imenifundisha kumshuku kila anayenyoosha mkono dirishani kwangu. Anayeomba kopo la grisi nitamuuliza la jana limekwenda wapi. Anayerudisha spana nitaigeuza niangalie namba yake mbele ya macho yake, akitaka anune. Nimekaa miaka kumi na tisa nyuma ya wavu katika kiwanda cha maboksi, na katika miaka yote hiyo nilikuwa na mtu mmoja tu niliyempa kitu bila kumuuliza maswali. Leo wapo wanaomsema kama shujaa na wapo wanaomsema kama mhuni. Mimi nitamweleza nilivyomjua, na palipo na kosa langu nitalitaja pia, ingawa sina hamu.

Tulimwita Sikio. Alikuwa fundi wa mashine, mfupi, mabega mapana, mwenye kofia ya kitambaa ambayo zamani ilikuwa ya bluu. Kila asubuhi kabla ya chai alizipitia mashine moja baada ya nyingine na bisibisi yake ndefu. Ncha aliiweka kwenye kifuniko cha beringi, mpini akaubana kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Wageni walidhani anasinzia. Kisha anafumbua macho na kutoa hukumu. Hii inakoroma tu, iacheni. Hii inalia njaa, ipeni grisi. Hii inakohoa, mkanda wake umelegea. Na iliyo mbaya kuliko zote: hii inasaga meno. Mashine ikisaga meno ujue beringi iko njiani kufa, na hapo Sikio hakusubiri ruhusa ya mtu, aliizima mwenyewe.

Iliyosaga meno mara nyingi ni mashine ya mawimbi. Ina rola mbili za chuma zenye mifereji, zimepashwa moto kwa mvuke, na karatasi ikipita katikati yake inatoka imejikunja kama unavyoona ukichungulia ubavuni mwa boksi. Anayelisha karatasi anasimama mbele ya rola hizo, mikono yake iko shubiri moja tu kutoka kwenye chuma. Beringi ya rola ya juu ikifa ghafla, rola inaruka. Kabla Sikio hajaajiriwa iliwahi kuruka, na mama aliyekuwa akilisha karatasi siku hiyo anaendesha maisha yake kwa mkono mmoja mpaka leo.

Nyumbani kwake lugha ilikuwa hiyohiyo. Mke wake, mcheshi asiye na haya, alinisimulia kwamba siku Sikio alipokwenda kujitambulisha ukweni alilisikiliza friji kabla hajakaa kitako, na baba mkwe akauliza kama huyu kaja kuoa au kutengeneza. Binti yao alikulia humo. Akiwa mdogo alikuwa akisema mwalimu wa hesabu anasaga meno, na watu wazima wanavunjika mbavu. Alipomaliza shule, Sikio mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi katika kiwanda chetu cha pili, mwendo wa saa tano kwa basi. Alipangiwa kulisha karatasi kwenye mashine ya mawimbi, sawa kabisa na ya kwetu.

Ndipo wakaja kupe.

Ndivyo tulivyoviita. Vilikuwa vidude vyeupe, ukubwa wa kiberiti, vyenye sumaku mgongoni na taa ndogo ya kijani. Wiki moja tu, kila mota na kila rola ikawa na kupe wake. Aliyevileta alikuwa mtaalamu kutoka makao makuu, mpole, shati limepigwa pasi, naye tukampa jina la Bwana Data. Hakuwa mtu mbaya, nasema hivyo kwa shingo upande. Alitukusanya kwenye ukumbi wa kulia akatueleza kwamba vidude vile vinapima mtetemo na joto la mashine kila sekunde na kutuma habari makao makuu. Habari zikishakuwa nyingi, kompyuta itajua mashine itaharibika lini kabla haijaharibika.

"Hilo mbona mimi nalijua sasa hivi?" akasema Sikio. Watu wakacheka.

Bwana Data hakukasirika. "Ndiyo maana tunakuhitaji, mzee wangu," akamjibu.

Sisi wengine hatukucheka kwa muda mrefu. Akina mama wa kufungasha waliacha kumsengenya msimamizi karibu na mashine, wakawa wanasengenyea chooni. Jamaa mmoja alimfunika kupe wake kwa utepe wa kubandikia maboksi, na kabla ya saa sita ameitwa ofisini aeleze kwa nini namba thelathini na moja amenyamaza. Kisha skrini kubwa ikatundikwa ukutani, ikawa inaonyesha kila mashine imesimama dakika ngapi na katika zamu ya nani. Dereva wa foklifti, mgonjwa wa sukari, aliitwa aeleze safari zake za chooni. Alieleza, maskini, mbele ya watu watatu. Hapo niliona wazi kwamba kusikiliza mashine ilikuwa nusu tu ya habari. Mimi sikuhitaji kushawishiwa sana, maana hata simu yangu nilikuwa nimeshaishuku. Nilitafuta humo dawa ya magoti mara moja tu, na kwa mwezi mzima nikatangaziwa mikongojo.

Mwezi uliofuata Sikio akapewa kishikwambi. Kazi yake mpya ilikuwa kufundisha. Kupe akihisi mashine imebadilika, kishikwambi kinalia, na Sikio anatakiwa kwenda kusikiliza kisha kubonyeza ugonjwa wake: nzima, grisi, mkanda, beringi. Kompyuta ingeshika mtetemo ule na jibu lile, na kwa miezi sita ingekuwa imemeza kila alichokusanya kwa miaka ishirini na saba.

Alikuja dirishani kwangu saa nne, wakati wa chai, akageuza kreti akalikalia, kama kawaida yake.

"Dada," akasema, "mtu akikuambia umfundishe atakayekaa kwenye kiti chako, utamfundisha?"

Nilikuwa nahesabu boliti, hata kichwa sikuinua. "Nitamfundisha," nikamwambia. "Lakini nitamfundisha vibaya."

Nilisema kwa utani. Nasema hivyo sasa, na nilisema hivyo ofisini, na bado sina uhakika kama ni kweli. Sikio hakucheka. Alimaliza chai, akasukutua kikombe, akaenda zake.

Siku kumi baadaye alitaka beringi ya rola ya juu. Nikamwomba namba ya karatasi ya kazi, maana bila namba hiyo kompyuta ya stoo haikubali kutoa hata msumari.

"Haina namba," akasema. "Nitaibadilisha Jumapili wakati wa usafi. Usiiandike."

Nikampa. Niliiandika kwenye daftari langu la zamani la karatasi, kwa sababu mkono wangu haujui kutoa kitu bila kuandika. Kwenye kompyuta, mwisho wa mwezi, niliandika kwamba beringi moja imeshika kutu rafuni. Yeye Jumatatu hakuniambia kitu na mimi sikuuliza, lakini mchana nilipita mashine ya mawimbi nikachungulia kishikwambi kilichoachwa juu ya meza. Kulikuwa na kumbukumbu ya Jumamosi, mwisho wa zamu. Mashine ilisaga meno, na Sikio alikuwa amebonyeza: grisi.

Nikaelewa mchezo wote. Mashine hakuidanganya hata siku moja, hilo asingeweza. Beringi ilibadilishwa kwa siri na mashine ikapona. Kompyuta nayo ikaona kwamba ugonjwa ulikuwa ule, dawa ilikuwa grisi, na Jumatatu mtetemo umeshuka. Ikaamini. Nani asingeamini? Sikio alikuwa ameificha sauti aliyoithamini kuliko zote, ili siku wakimwondoa, wagundue wenyewe kwamba hawawezi kukaa bila yeye. Mimi moyoni nilifurahi. Niseme ukweli, nilifurahi sana.

Beringi tano zilitoka hivyo katika miezi sita, na tano zikashika kutu kwenye kompyuta yangu. Huo ulikuwa uongo wa mpango. Lakini kulikuwa na mwingine wa hasira tu. Siku ambazo msimamizi amemuudhi, au kishikwambi kimelia mara arobaini kabla ya chai, nilimwona akibonyeza huku anazungumza nami, hata hatazami, kidole kinakwenda popote. Nikimtupia jicho anasema, "Wacha ishibe."

Miezi sita ilipokwisha tuliitwa tena kwenye ukumbi wa kulia. Meneja alikuwa na furaha isiyo ya kawaida yake. Mfumo, alisema, umepatia majibu asilimia tisini na sita, na heshima hiyo ni ya fundi wetu. Sikio akapewa cheti ndani ya fremu na mkono wa pongezi. Kisha Bwana Data akasimama kutupa habari nyingine njema, kwamba mfumo uliofunzwa hapa umeshawashwa katika kiwanda cha pili tangu mwanzo wa mwezi. Kule mafundi wanne wamepunguzwa, amebaki mmoja, na kazi yake ni kufuata skrini inavyosema.

Nilimtazama Sikio. Alikuwa ameshika fremu yake kwa mikono miwili, anatazama sakafu. Wengine wote walidhani ni unyenyekevu.

Siku hiyo na iliyofuata alimpigia binti yake simu, akaambiwa mambo ni mazuri. Siku ya tatu, saa nne, yuko juu ya kreti lake mbele ya dirisha langu, binti ndiye aliyepiga. Sikio aliweka sauti ya juu kwa sababu mikono yake ilikuwa na grisi, kwa hiyo nilisikia yote.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona kelele?"

"Niko hapa hapa kwenye mashine. Baba, rola ya juu inasaga meno."

Kikombe kilikuwa njiani kwenda mdomoni. Kikasimama hapo hapo. "Tangu lini?"

"Tangu jana jioni. Skrini inasema grisi. Fundi ameweka mara tatu, inanyamaza kidogo halafu inaanza tena. Nimewaambia inasaga meno, wananicheka."

"Ibandike simu kwenye kifuniko cha beringi. Iache hapo."

Aliifuta simu yake kwenye suruali, akaibana kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, pale pale anapowekaga mpini wa bisibisi, akafumba macho. Aliporudisha simu mdomoni sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Toka hapo. Sema tumbo linakuuma, nenda chooni, ukae huko."

"Baba, nikienda chooni watamweka mwenzangu."

Sikio akamwomba ampe msimamizi. Msimamizi alikuja, akasalimia vizuri, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, nakuheshimu," akasema, "lakini mashine siwezi kuisimamisha kwa neno la simu, nitaandikiwa kila dakika. Mfumo unasema grisi. Na nasikia aliyeufundisha ni wewe mwenyewe."

Sikio aliweka kikombe chini, akaenda ofisini akiwa karibu kukimbia, na mimi nikafunga dirisha nikamfuata. Sijui kwa nini nilimfuata. Nadhani nilitaka kujua kama atanitaja.

Meneja na Bwana Data walikuwa wameinamia kompyuta. Sikio hakusalimia. "Simamisheni mashine ya mawimbi ya kule," akasema. "Beringi ya rola ya juu inakufa. Skrini inasema grisi kwa sababu nilidanganya."

Bwana Data alimtazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mzee aliyesahau miwani yake kichwani. Akabonyeza, akamwonyesha. "Mzee wangu, hii hapa, mara tano. Umesikiliza, umesema grisi, Jumapili grisi imewekwa, Jumatatu mtetemo umeshuka. Takwimu hazina sababu ya kudanganya."

"Jumapili nilibadilisha beringi."

"Beringi ipi? Stoo haijatoa beringi hata moja ya rola hiyo. Nne, tano hivi, zimeshika kutu, basi."

Wote watatu wakageuka wakanitazama mlangoni.

Ningependa kusema kwamba nilijibu mara moja. Sikujibu. Nilifikiria miaka mitatu iliyobaki nistaafu. Nilifikiria kwamba Sikio hajanitaja, na kwamba nikisema sijui, basi sijui. Kisha nikamwona ameshika simu yake bado imewashwa, na humo ndani ile kelele ya rola inasikika, binti yake hajakata.

"Ngoja nilete daftari," nikasema.

Lilikuwa chini ya droo ya boliti, limefungwa kwa mpira. Bwana Data aliweka tarehe zangu kando ya tarehe zake, akapitisha kidole, moja, mbili, mpaka ya tano. Alikuwa mwepesi wa kuelewa, hilo simnyimi. Alimnyang'anya meneja simu ya mezani akapiga kiwanda cha pili na kuwaambia wazime mashine sasa hivi, na wasiulize.

Tulisikia ikizimwa, kupitia simu ya Sikio. Ile kelele ilishuka taratibu mpaka ikaisha, halafu sauti ya binti ikasema, "Baba? Imesimama." Sikio akaketi kwenye kiti cha meneja bila kukaribishwa.

Walipofungua kifuniko, gololi mbili zilikuwa zimepasuka na mhimili umegeuka rangi ya bluu kwa joto. Fundi wa kule alisema isingefika mwisho wa zamu. Hakuna aliyeumia, na hilo ndilo ninalojiambia kila nikikumbuka jinsi nilivyosimama mlangoni kimya.

Unga wa Sikio ulimwagika wiki ileile. Walimwacha achukue bisibisi yake, cheti wakakitaka kirudi. Mimi niliandikiwa barua ya onyo na kuhamishiwa kitengo cha karatasi chakavu, ambako hakuna cha kutunza. Daftari langu halikurudishwa. Bwana Data alilitumia kurekebisha mfumo, jibu moja moja, na sasa rola ikisaga meno skrini inaandika kwa herufi nyekundu: beringi, simamisha. Kabla Sikio hajatoka getini, Bwana Data alimuuliza mbele yangu kama kuna uongo mwingine humo ndani zaidi ya aliokwisha kuutaja. Sikio akamtazama macho makavu akasema hakuna.

Nilikwenda kumtembelea nyumbani Jumamosi moja. Mke wake alinipokea kwa matani yake, akasema mume wake sasa ni daktari wa friji moja tu. Tukanywa chai. Mke alipokwenda jikoni nikasogeza kiti.

"Kaka," nikamwambia, "beringi tano zilikuwa kwenye daftari langu. Zile mara nyingine, ulipokuwa unabonyeza tu kwa hasira, hazikuandikwa popote. Uliwaambia zote?"

Alizungusha kikombe mkononi.

"Niliwaambia ninazozikumbuka," akasema.

Ukutani saa ilikuwa inakaribia saa nne, na simu yake ilikuwa mezani, imewekwa tayari kando ya sahani. Binti yake alipopiga aliipokea kabla ya mlio wa pili. Hakusema halo. Aliibana kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho, na mimi nikaacha hata kukoroga chai yangu mpaka alipoyafumbua.